Mabao 159 ya Marcos Tavares: Je, Kubaki Maribor Ndiko Kulikompa Rekodi?

Katika historia ya Ligi Kuu ya Slovenia hakuna aliyefunga mabao mengi kuliko Marcos Tavares. Ni mabao 159, yote kwa jezi ya zambarau ya NK Maribor, tangu Mbrazili huyo alipotua Januari 2008 akitokea APOEL ya Kupro hadi alipotundika daluga mwaka 2022. Ukijumlisha ligi, kombe na michuano ya Ulaya, ameichezea klabu hiyo mechi zaidi ya 500. Ameondoka na mataji tisa ya ligi na manne ya Kombe la Slovenia.

Hata hivyo, kila rekodi hiyo inapotajwa, wapo wanaoipunguza thamani kwa neno moja: alikaa. Wanasema ligi yenyewe ina timu kumi, Maribor ndiyo klabu kubwa kuliko zote, na mshambuliaji mwenye afya njema akikaa pale miaka kumi na minne mabao yatajikusanya tu. Waliokuwa bora kuliko yeye walinunuliwa wakaondoka. Hoja hiyo ina hesabu nyuma yake, na hesabu hizo zinastahili kutazamwa vizuri kabla ya kujibiwa.

Gawanya 159 kwa misimu kumi na minne na nusu: unapata mabao 11 kwa msimu, katika ligi ya raundi 36. Hiyo ni chini ya bao moja kwa kila mechi tatu. Tavares amekuwa mfungaji bora wa ligi mara tatu, na mabao yake katika misimu hiyo yalikuwa 16 mwaka 2010/11, 17 mwaka 2012/13, na 17 tena mwaka 2014/15. Sasa mlinganishe na Zoran Ubavič wa Olimpija, aliyefunga 29 katika msimu wa kwanza kabisa wa ligi hiyo, 1991/92. Ni kweli kwamba msimu ule ulikuwa na timu 21, na kila timu ilicheza mechi 40. Lakini Štefan Škaper, ambaye rekodi yake ya mabao 130 ndiyo iliyokuja kuvunjwa na Tavares, alifunga 23 na kisha 25 katika misimu miwili mfululizo, 1993/94 na 1994/95, wakati ligi ilikuwa na raundi 30 tu. Tena aliyafunga akiwa Beltinci, klabu ya mji mdogo wa mkoa wa Prekmurje, mbali kabisa na ukubwa wa Maribor. Kwa kasi ya kufunga, Škaper yuko mbele, na anayempenda Tavares hana sababu ya kulikwepa hilo.

Ila kuna swali ambalo hesabu hizo haziliulizi: mtu anayefunga mabao 20 kila msimu angehitaji misimu mingapi kufika 160? Minane. Mtu huyo yuko wapi? Hayupo, na hatakuwepo, kwa sababu ligi ya Slovenia haimwachi mfungaji wa namna hiyo akakaa misimu minane. Hata miwili ni shida. Mfano mzuri ni Andraž Šporar. Alifunga mabao 17 akiwa Olimpija katika nusu ya kwanza ya msimu wa 2015/16, na dirisha la usajili la majira ya baridi lilipofunguliwa akauzwa Basel ya Uswisi. Ligi ilipomalizika miezi mitano baadaye, wawili walikuwa wamemfikia lakini hakuna aliyempita. Alikuwa mfungaji bora wa ligi aliyokwisha kuihama.

Kwa hiyo rekodi ya mabao ya jumla katika ligi kama hii hupima vitu viwili kwa pamoja: uwezo wa kufunga na kutokuuzwa. Wanaoibeza rekodi wanaishia hapo na kusema, basi imepungua thamani. Kwa maoni yangu ndipo inapoanza kuwa na maana. Mchezaji aliyetwaa ufungaji bora mara tatu, mara ya mwisho akiwa na miaka 31, hakuwa mtu wa kujazia nafasi. Na wanaodhani timu kumi maana yake ni mteremko wafikirie ratiba. Raundi 36 maana yake kila mpinzani unakutana naye mara nne kwa msimu. Celje, ambayo pamoja na Maribor ndizo klabu pekee ambazo hazijawahi kushuka daraja tangu 1991, ilikuwa kwenye ratiba ya Maribor zaidi ya mara hamsini katika kipindi cha Tavares. Mabeki wa timu hizo walijua mguu anaoupenda, walijua anapokimbilia krosi inapopigwa, na makocha wao hawakuwa na haja ya kutafuta video. Kufunga mwaka wa kumi dhidi ya watu waliokusoma miaka tisa ni kazi ngumu kuliko mwaka wa kwanza, ambapo hakuna anayekujua.

Faida kubwa ya mchezaji anayedumu, hata hivyo, haionekani kwenye ligi. Inaonekana Julai na Agosti. Bingwa wa Slovenia akitaka kufika hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa, katika miaka ile alianza raundi ya pili ya mchujo katikati ya Julai: mechi sita, wapinzani watatu, wiki sita hivi, na ligi ya nyumbani ikianza hapo hapo. Mwaka 2014 Maribor waliwatoa Zrinjski ya Mostar, Maccabi Tel Aviv na Celtic. Mwaka 2017 wakawatoa Zrinjski tena, FH ya Iceland na Hapoel Be'er Sheva, hawa wa mwisho kwa kanuni ya bao la ugenini (jumla ikilingana, aliyefunga mengi ugenini ndiye anayepita): walifungwa 2-1 kule, wakashinda 1-0 nyumbani.

Ugumu wa wiki hizo sita ni kwamba zinaangukia katikati ya dirisha la usajili. Timu kubwa zinakuja kuchukua wachezaji wako bora huku mechi zinazoamua bajeti yako zikiendelea, na majina ya wanaoruhusiwa kucheza lazima yapelekwe UEFA kabla ya kila raundi. Anayesajiliwa mwishoni mwa Julai hajui kipa wake anataka beki asimame wapi kwenye kona, wala hajazoea mbio za kiungo anayempa pasi. Hakuna muda wa kumfundisha. Kuna mechi Jumanne na nyingine Jumamosi. Klabu isiyo na watu watano au sita waliocheza pamoja kwa miaka huanguka hapo, hata kama ina vipaji.

Tazama marudiano na Celtic, Agosti 26, 2014. Mkondo wa kwanza kwenye uwanja wa nyumbani wa Maribor, Ljudski vrt, uliisha 1-1; Celtic walitangulia, Damjan Bohar akasawazisha. Maana yake sare ya bila kufungana Glasgow ingewapeleka Celtic makundi, kwa sababu bao la ugenini lilikuwa bado linahesabiwa (UEFA iliifuta kanuni hiyo mwaka 2021). Dakika zilikatika, matokeo 0-0, na Maribor ndio waliokuwa wanatoka. Dakika ya 75 nahodha, Tavares, akafunga. Golini kwa upande wa Maribor alisimama Jasmin Handanović, miaka 36, aliyekuwa pale tangu 2010, na lango lake halikuguswa hadi kipenga cha mwisho. Benchi lilikuwa la Ante Šimundža, ambaye mwenyewe alikuwa kwenye kikosi cha Maribor kilichocheza makundi mwaka 1999 na ndiye aliyefunga bao la ushindi wa 1-0 ugenini dhidi ya Dynamo Kyiv. Mfungaji, kipa na kocha, wote watatu ni watu wa klabu ile kwa miaka.

Sasa weka bao lile kwenye daftari la fedha. Kufika tu hatua ya makundi msimu ule kulikuwa na malipo ya euro milioni 8.6 kutoka UEFA, na kila sare ilileta nusu milioni nyingine. Maribor walipata sare tatu: Sporting na Chelsea nyumbani, Schalke ugenini. Jumla euro milioni 10.1 kabla ya fungu la televisheni na viingilio. Mwaka 2017/18 malipo ya kuingia yalikuwa milioni 12.7, na sare zikawa tatu tena. Ile dhidi ya Sevilla ilitokana na bao la Tavares akiwa na miaka 33. Kwa klabu ya mji wa watu wasiofika laki moja na ishirini, fedha za namna hiyo ndizo zinazolipa akademi, mishahara na makosa ya usajili kwa miaka kadhaa. Ukimpima Tavares kwa mabao 11 ya ligi kwa msimu bila kuweka dakika ile ya 75 kwenye mizani, umeacha sehemu nzito kuliko zote.

Upande wa pili una hoja nyingine mbili ambazo naziona zina nguvu kuliko ile ya "alikaa tu".

Ya kwanza ni kanuni ya orodha ya UEFA. Orodha A, yaani orodha kuu ya wachezaji wanaoruhusiwa kucheza, ina nafasi 25, na nane kati yake ni za wachezaji waliokuzwa ndani ya nchi, angalau wanne kati yao wakiwa wamekuzwa na klabu yenyewe. Kukuzwa maana yake ni kuwa klabuni misimu mitatu kamili, au miezi 36, kati ya umri wa miaka 15 na 21. Klabu isiyo na watu hao hairuhusiwi kuzijaza nafasi zile na wengine. Orodha inapungua tu. Tavares alifika Maribor akiwa na miaka 23. Kwa hiyo miaka yake kumi na minne haikumsogeza hata hatua moja: hadi mwisho aliandikwa katika zile nafasi 17 za wazi, sawa na aliyeshuka kwenye ndege wiki iliyopita. Kumweka mgeni aliyedumu kuna gharama ya kweli, maana kila mwaka kocha anamchagua yeye badala ya mtu mwingine katika nafasi hizo. Mimi naona kasoro iko kwenye kanuni, inayohesabu ujana peke yake na kuupuuza utumishi, lakini klabu inalazimika kuishi na kanuni kama ilivyoandikwa.

Ya pili ni umri. Oktoba 17, 2017 Liverpool walikwenda Ljudski vrt wakashinda 7-0, na kipa Handanović alikuwa na miaka 39. Si haki kumbebesha kipa mabao saba peke yake. Pengo la fedha kati ya klabu hizo lilikuwa kubwa mno. Lakini kasi ya usiku ule ilionyesha mahali ambapo uzoefu unafika ukingoni. Na baada ya ubingwa wa 2018/19, misimu miwili iliyofuata ubingwa ulikwenda kwa Celje na kisha Mura, tena Mura waliuchukua kwa kushinda Maribor kwenyewe siku ya mwisho ya msimu, Mei 2021. Kosa linalofanyika katika klabu nyingi ni lile lile: mkongwe anaongezewa mkataba kwa heshima, mrithi wake anakaa benchi misimu miwili, anachoka, anauzwa kwa bei ndogo, halafu mkongwe anastaafu na nafasi inabaki tupu. Dawa yake inajulikana. Baada ya miaka 32 mkataba uwe wa mwaka mmoja mmoja, mrithi apewe mechi za kombe na nusu saa za mwisho za ligi, na mkongwe ahifadhiwe kwa Julai.

Wanaosema Maribor wangefaidika zaidi kwa kununua na kuuza tu humtaja Josip Iličić. Alisajiliwa kiangazi cha 2010 kutoka Interblock iliyokuwa imeshuka daraja, akacheza wiki chache, akawafunga Palermo ya Italia katika Ligi ya Europa, na kabla ya dirisha kufungwa Palermo wakamchukua pamoja na Armin Bačinović. Ni biashara nzuri sana, na Zlatko Zahovič, mkurugenzi wa michezo kuanzia 2007 hadi 2020, alistahili sifa kwa jicho hilo. Lakini Iličić aling'aa haraka kwa sababu aliingia kwenye timu iliyokuwa na mifupa tayari. Huwezi kumtupa kijana kwenye mchujo wa Ulaya na kumuuza wiki ya sita kama waliomzunguka nao ni wageni wa wiki sita. Wale wanaouzwa wanategemea wale wasiouzwa, na bei yao inatengenezwa na pasi za watu ambao hakuna aliyeulizia bei zao.

Jambo moja la kurekebisha ni jinsi rekodi hizi zinavyoandikwa. Maribor ilianzishwa Desemba 1960 na ilicheza Ligi Kuu ya Yugoslavia kuanzia 1967 hadi 1972, lakini takwimu za ligi ya sasa zinaanza 1991. Mabao ya akina Tomislav Prosen wa enzi ile, yaliyofungwa dhidi ya vigogo wa Yugoslavia kama Crvena zvezda na Hajduk, hayaingii kwenye jedwali moja na ya Tavares, na yasingepaswa kuingia. Kinachofaa ni safu tofauti: ligi ya Yugoslavia, ligi ya Slovenia, kombe, na mechi za UEFA, huku mechi za mchujo zikitengwa na za makundi. Hapo msomaji ataona Škaper amemzidi Tavares kwa kasi ya mabao ya ligi, na ataona pia kwamba safu ya mchujo wa UEFA, ile ya Julai na Agosti, ndiyo iliyoilisha klabu.