Ukihamia Korea, Tafuta Kikundi Kabla ya Kutafuta Rafiki

Mgeni anayefika Korea Kusini kusoma au kufanya kazi huambiwa mapema: wikendi nenda Itaewon, mtaa wa Seoul, utakutana na wageni wenzako, au nenda mtaa wa Hongdae utakutana na vijana wa Kikorea. Ushauri huo ni wa kweli, na hapo ndipo tatizo linapoanzia. Hongdae utakutana na watu kila Jumamosi, wapya kila mara, na mwisho wa mwaka simu yako itakuwa na majina sitini na hakuna hata mmoja wa kukuletea uji ukiugua.

Msimamo wangu ni huu: urafiki wa Korea huota ndani ya kikundi chenye shughuli. Mkorea wa miaka 28 ana marafiki wa sekondari, wa chuo, na kama ni mwanamume ana wale wa jeshini. Nafasi zake zimeshajaa, na mtu asiyemjua anayemsogelea kwenye baa anamchosha tu. Lakini ukiwa mwenzake katika kikundi cha kupanda mlima, cha mpira au cha mbio, umepata cheo kinachoeleweka, na kuanzia hapo mengine yanafuata yenyewe. Vikundi hivi huitwa donghohoe. Vya chuoni huitwa dongari. Mikutano ya kubadilishana lugha haina nguvu hiyo. Unajieleza jina, nchi na kazi, wiki ijayo unajieleza upya kwa wengine.

Kabla ya kikundi kuna kizingiti cha simu, na wengi hukwama hapo bila kujua kwa nini. Vikundi vingi hujiandikisha kupitia programu kama Somoim au Danggeun, na mazungumzo yote hufanyika KakaoTalk, programu ya ujumbe. Kwenye nyingi ya programu hizo, na karibu kila mahali pa kulipia mtandaoni, utatakiwa kuthibitisha utambulisho kwa laini ya simu iliyosajiliwa kwa jina lako. Laini ya kitalii haitoshi. Unahitaji kadi ya ukaazi, ambayo sheria inakutaka uiombe ndani ya siku 90 tangu uingie nchini, kisha laini iliyofunguliwa kwa kadi hiyo.

Sisi wa Afrika Mashariki tunanaswa zaidi kwa sababu ya majina matatu. Kadi huandika jina la ukoo kwanza, herufi kubwa, na nafasi kati ya majina. Mfanyakazi wa duka la simu akiligeuza, akiunganisha mawili, au mfumo ukikata jina refu, mtandao utakwambia kwamba taarifa hazilingani na hautakwambia kosa liko wapi. Dawa yake ni kusimama pale kaunta na kadi mkononi, ukaomba jina liingizwe herufi kwa herufi na nafasi kwa nafasi kama lilivyo, kisha ukaenda benki na kuomba vivyo hivyo. Fanya hivyo siku moja, simu kwanza, benki baadaye. Ukiliacha, litakusumbua kwenye tiketi, kwenye malipo, kwenye kila kitu.

Pakua pia Naver Map au KakaoMap. Google Maps kwa miaka mingi imekuwa haitoi maelekezo ya kutembea kwa miguu Korea, kwa kuwa serikali ilizuia ramani za kina kutolewa nje ya nchi. Ukiitegemea kufika mahali mlipokubaliana kukutana saa moja na nusu asubuhi, utachelewa, na kuchelewa siku ya kwanza ni doa.

Kama huna mchezo unaoupenda, chagua mlima. Ni rahisi, watu wa rika zote wapo, na hutahitaji Kikorea kingi, kwa sababu pumzi inakuwa haitoshi kuongea. Seoul ina hifadhi ya taifa inayoingia ndani ya mipaka yake: Bukhansan, yenye kilele cha Baegundae, mita 836. Anayetoka nchi yenye Kilimanjaro ataiona namba hiyo ndogo na kuja na raba za kawaida. Asifanye hivyo. Kuanzia lango la Bukhansanseong, kupanda na kushuka huchukua saa nne hadi tano, na sehemu ya mwisho ni mwamba mtupu unaopandwa kwa kushika nyaya za chuma. Mvua ikinyesha mwamba huo huteleza kama sabuni. Soli ya kiatu ndiyo inayoamua kama utafurahi au utaogopa, na glavu zenye mpira kiganjani zinasaidia kuliko fimbo.

Kufika: shuka kituo cha treni ya jiji cha Gupabal, mstari wa 3, toka mlango wa 1, panda basi la 704 au 34 hadi lango la hifadhi. Upande wa pili wa mlima kuna kituo cha treni cha Bukhansan Ui, na karibu yake kituo cha utalii wa milima cha jiji kinachokodisha viatu na nguo za mlimani kwa bei ndogo, hata kwa wageni. Kabla ya kununua vifaa vya bei kubwa, kodisha mara mbili ujue kama unaupenda mchezo wenyewe.

Nenda mapema. Wikendi za mwisho wa Oktoba, majani yanapogeuka mekundu, foleni ya kwenye nyaya inaweza kukusimamisha muda mrefu juu ya mwamba wenye upepo. Anayeanza kupanda kabla ya saa mbili asubuhi huikwepa. Januari ni habari nyingine. Njia huwa barafu, na bila vile vyuma vya meno vinavyofungwa chini ya kiatu hupaswi kupanda kabisa. Vaa tabaka tatu nyembamba badala ya koti moja zito, kwa sababu utatoka jasho ukipanda na jasho hilo litaganda mgongoni ukisimama kula. Majira ya machipuko, na tena mwishoni mwa vuli, hifadhi nyingi hufunga baadhi ya njia kuzuia moto wa msitu. Angalia tangazo la hifadhi siku moja kabla. Tangu Machi 2018 pombe hairuhusiwi kwenye vilele na maeneo mengine yaliyotajwa ndani ya hifadhi za taifa, kwa hiyo wanaosubiri makgeolli, pombe ya mchele, husubiri hadi wateremke.

Beba kitu cha kugawa. Tango lililokatwa, machungwa madogo, chokoleti, chochote kinachoingia kwenye viganja sita. Mlimani Wakorea wanalishana, na wazee usiowajua watakupa kipande cha tufaha bila kukuuliza jina. Asiye na cha kurudisha hatalaumiwa, ila aliyekuja na mfuko wa karanga za kukaanga atakumbukwa.

Sasa nakuja kwenye jambo ambalo wageni hulipoteza kwa hiari yao. Mlima ukiisha, kikundi huenda kula. Mlo huo huitwa dwitpuri, na mgeni aliyechoka hutafuta kisingizio cha kurudi chumbani. Usirudi. Mlimani mlitembea kwa mstari. Urafiki wenyewe unaanzia mezani, na anayeondoka mara tatu hataulizwa mara ya nne.

Mezani utaulizwa umezaliwa mwaka gani. Si udaku. Kikorea hakisemeki vizuri bila kujua nani mkubwa, na Mswahili anapaswa kulielewa hili upesi kuliko Mzungu, kwa kuwa sisi wenyewe hatuwezi kuamua kati ya shikamoo na mambo bila kukadiria umri. Juni 2023 sheria ilibadilisha namna ya kuhesabu miaka ifuate ile ya kimataifa, lakini mezani bado unahesabiwa mwaka wa kuzaliwa. Neno chingu, tunalofundishwa kuwa ni rafiki, kwa kweli liko karibu na mwenzako wa rika. Aliyekuzidi miaka mitano anaweza kuwa mtu wako wa karibu kabisa na bado usimwite chingu: mwanamume atamwita kaka yake hyeong na dada yake nuna, mwanamke atawaita oppa na eonni. Subiri mkubwa akuruhusu kabla ya kutumia maneno hayo. Mpaka hapo, jina na kiambishi ssi yanatosha.

Mkubwa akikumiminia, shika glasi kwa mikono miwili. Ukimmiminia wewe, chupa ishikwe kwa mikono miwili vilevile. Glasi yako hujijazii mwenyewe. Mwangalie mwenzako, ikiisha mjazie, naye atakuona. Ukinywa mbele ya mtu mzima, geuza uso kidogo pembeni.

Na kama hunywi? Waislamu na Walokole wengi hukimbia dwitpuri kwa sababu hii, na ni hasara kubwa isiyo ya lazima. Sema mwanzoni kabisa, kwenye grupu, kabla hata ya siku ya mlima: sinywi pombe kwa sababu ya dini. Likisemwa mapema linapokelewa; likisemwa glasi ikiwa imeshajazwa linamfedhehesha aliyemimina. Mezani omba saida, ile soda nyeupe, uimiminiwe kwenye glasi ndogo kama za wengine, gonganisha, na uendelee kuwamiminia wenzako kama dini yako inakuruhusu. Kinachotazamwa ni kama uko pamoja nao, kilichomo kwenye glasi si hoja.

Chakula kinataka uangalifu zaidi ya pombe, kwa sababu nguruwe hujificha. Mara nyingi yumo kwenye mchuzi wa kimchi (kabichi iliyochachushwa), kwenye mandu (maandazi madogo yenye nyama ndani), na kwenye gimbap (wali uliozungushiwa mwani) kama ukanda mwembamba wa waridi. Hata gimbap ya jodari mara nyingi huwekewa ukanda huo, na wengi wameila wakidhani ni salama. Sema mapema "ham ppaejuseyo", yaani usiweke ham, ule ukanda wa nguruwe. Anayetaka nyama iliyochinjwa kwa utaratibu wa Kiislamu atazipata bucha na migahawa kwenye mteremko ulio karibu na Msikiti Mkuu wa Seoul, uliofunguliwa mwaka 1976, huko huko Itaewon. Mtaa huo una thamani yake kwa swala ya Ijumaa na kwa mtu anayetamani viungo vya nyumbani. Ninachokataa ni kuufanya kuwa Korea yako yote.

Baada ya miezi mitatu kikundi kitapendekeza kutoka nje ya Seoul, na hapo kosa la wageni ni moja: kuwaza safari ya Jumamosi siku ya Ijumaa usiku. Tiketi za KTX, treni ya mwendo kasi, hufunguliwa mwezi mmoja kabla, na za Jumamosi asubuhi kwenda Busan au Gangneung huisha mapema. Seoul hadi Busan ni kama saa mbili na nusu hadi tatu, Gangneung karibu saa mbili. Ukikosa, usikate tamaa: wengi hukata tiketi nyingi na kuzirudisha, kwa hiyo nafasi huibuka tena usiku wa kuamkia safari. Kaa na programu ya Korail, shirika la reli, ukiangalia. Kadi za benki za nje hukataliwa mara nyingi. Ndiyo sababu nimekaza suala la jina benki. Wakati wa sikukuu kubwa za Chuseok na Seollal usisafiri kabisa, labda umealikwa nyumbani kwa mtu.

Kwa safari ya kwanza napendekeza Chuncheon. Treni ya ITX-Cheongchun kutoka Yongsan au Cheongnyangni ni zaidi kidogo ya saa moja, na treni ya kawaida ya jiji hufika pia kwa kadi yako ya nauli ya T-money. Mji wenyewe unajulikana kwa dakgalbi, kuku wa pilipili anayekaangwa katikati ya meza. Milima ya Seoraksan ni mizuri zaidi, lakini inataka siku mbili: basi hadi Sokcho ni saa mbili na nusu barabara ikiwa nyeupe, kisha basi la 7 au 7-1 hadi lango, kisha saa nne za kwenda na kurudi Ulsanbawi, mita 873, ambako ngazi za mwisho hazina huruma. Ukijaribu kuibana ndani ya siku moja utarudi Jumapili jioni ndani ya foleni ya magari pamoja na nusu ya Seoul.

Mtu wa pwani atashangazwa na bahari. Ufukwe kama Haeundae wa Busan una msimu wake, hasa Julai na Agosti, una saa zake na una mstari wa maboya. Ukilipita boya, waokoaji watakupigia filimbi hata kama umekulia Kizimkazi. Mwishoni mwa Juni hadi Julai mvua za jangma hunyesha siku nyingi mfululizo, kwa hiyo safari ya bahari iwekwe Agosti.

Wikendi isiyo na hela pia ina nafasi yake: ufukwe wa mto Han, mkeka, na kuku anayeletwa hadi kwenye eneo la bustani lililotengwa kwa mapokezi. Baiskeli za jiji, Ttareungi, ni won 1,000 kwa saa moja. Zirudishe kituoni kabla saa haijaisha kisha uchukue nyingine, maana baada ya hapo kila dakika 5 ni won 200. Hema dogo linaruhusiwa sehemu maalumu tu, na pande zake mbili ziwe wazi.

Treni za jiji huisha karibu na saa sita usiku. Teksi za Seoul huanza kutoza nyongeza saa nne usiku, na kati ya saa tano na saa nane nyongeza hiyo hufika asilimia 40. Mabasi ya usiku yenye herufi N yapo, lakini hupita kwa nadra. Ukiona kikundi kinaelekea mkahawa wa pili na kwenu ni mbali, aga kwa kila mtu na uondoke. Ulishakaa ule wa kwanza, inatosha.

Kisha, kabla hujalala, fungua grupu. Mweka hazina atakuwa ameandika jumla, idadi ya watu na namba ya akaunti. Tuma mgao wako usiku huo huo, tuma picha mbili tatu ulizowapiga wengine, na andika "sugohasyeosseumnida", pole kwa kazi. Ukisubiri hadi Jumanne, yeye ndiye atakayelazimika kukukumbusha, na kumkumbusha mgeni deni ni kazi ambayo Mkorea ataona haya kuifanya.