Mkono wa mtu

Ase hii stori nilitaka nife nayo, ila bi mkubwa ameshawasimulia jumuiya nzima, mpaka mzee anayetuletea maziwa ananicheka getini, kwa hiyo wacha na mimi niseme upande wangu.

Mwaka jana niliuza pikipiki nikaongezea na akiba nikajenga mashine ya gemu. Sio zile kompyuta za mtumba za ofisini unaongezea ramu unajiita geima, hapana, mashine yenyewe: prosesa ya Ryzen 7 7700X, kadi ya picha ya RTX 4070, ramu giga 32 za DDR5, monita ya Hz 165, na kipoza cha maji chenye feni mbili nimekifunga juu kabisa kwenye dari la keisi kitoe joto kwenda juu. Milioni 4 na laki 6. Na ndiyo, naishi kwa mama, mtaa wa Sakina hapa Arusha, na nina miaka 29, tuendelee.

Wiki ya kwanza raha tupu. Gemu la magari linapiga fremu 140 kwa sekunde, linateleza kama mlenda. Wiki ya pili ndo mauzauza yakaanza. Unawasha, dakika kumi za mwanzo freshi kabisa, halafu namba zinaanza kushuka, 140, 110, 80, mpaka 41, gari linaenda kwa kurukaruka kama kifodi kimeisha springi. Na kelele! Mimi navaa hedifoni sisikii ila mama anapiga hodi, "Baba, hilo lidude linavuma kama ndege imekosea njia ya KIA, zima tulale."

Nikaanza uchunguzi. Kabla hujaniuliza, waya wa HDMI wa monita ulikuwa umechomekwa kwenye kadi, sio kwenye mazabodi, hilo kosa nilishalifanya zamani kwenye mashine ya mtu mwingine na nilishaomba msamaha. Nikaapdeti draiva za kadi, nikawasha, dakika kumi safi, nikapiga ngumi hewani, ya kumi na moja tukarudi 41. Nikafomati Windows nzima usiku kucha, hadithi ileile. Nikaingia bayosi, zile setingi za ndani kabisa za mashine, nikakuta ramu yangu ya spidi 6000 inatembea 4800 kwa sababu sijawasha EXPO, kile kitufe cha kuiruhusu ramu ikimbie spidi yake kamili, nikajisemea mchawi nimemshika, kumbe huyo alikuwa kibaka tu, mchawi mwenyewe bado yuko ndani.

Hapo nikahamia kwenye umeme. Kuna chalii aliniambia umeme wa mtaa wetu ni mdogo jioni, nikaenda mjini nikanunua stabilaiza kubwa ya laki moja na nusu, nzito kama gunia la mahindi. Baadaye sana ndo nikasoma kibandiko cha pawa saplai yangu: inapokea volti 100 mpaka 240. Yaani ilikuwa haina shida na umeme wetu tangu inazaliwa. Stabilaiza ikakaa sakafuni inatoa taa ya kijani tu.

Mwishowe nikaweka programu ya kusoma joto, ambacho ndo kitu nilitakiwa nianze nacho, lakini Julai Arusha jamani, watu wamevaa makoti mawili mawili, nani anawaza joto? Prosesa ilikuwa nyuzi 95. Nikaingia mtandaoni nikakuta AMD wenyewe wanaoitengeneza wanasema prosesa za familia hiyo zimeundwa kuvumilia mpaka 95, nikatulia siku mbili nzima. Kijinga kabisa, maana 95 ndo ukomo wake, ikifika hapo inajipunguza spidi yenyewe isiungue, na kwenye gemu la kawaida haikutakiwa hata ikaribie huko.

Nikanunua pesti ya joto, ile inayopakwa kati ya prosesa na kipoza ili joto lipite vizuri. Jumamosi nikaondoa vikorokoro vya juu, nikafungua ubavu, nikafuta pesti ya zamani, nikapaka mpya, nikawasha keisi ikiwa wazi: 69! Fremu 140! Saa nzima! Nikawatumia washkaji skrinishoti. Nikafunga ubavu, nikarudisha kila kitu kama kilivyokuwa, kesho yake 95. Nikapaka tena, nikisema labda niliweka nyingi. Ikakaa sawa, nikafunga, ikagoma. Tatu, nne, hivyohivyo. Washkaji wakaacha kujibu skrinishoti zangu.

Nikaivalisha blanketi nikaipakia kwenye bajaji hadi kwa fundi mmoja mjini. Fundi kaiwasha mezani kwake, masaa matatu inapiga 140 haitikisiki. Akanitazama kwa huruma, akapokea elfu 30 yake ya kuangalia, akasema, "Chalii yangu, mashine nzima hii. Kama huku inafanya kazi na kwako inagoma, basi huko kwenu kuna mkono wa mtu."

Nilicheka, ila njiani nikaanza kuwahesabu majirani.

Sasa Jumamosi iliyofuata, jumuiya ilikuwa inasali kwetu kesho yake, kwa hiyo nyumba nzima inapigwa deki na kufuliwa. Mimi nimejifungia nacheza tangu saa nne asubuhi na mashine haijashuka hata kidogo, sijui kwa nini, na sitaki kujua, nisije nikaiharibia. Saa kumi na mbili jioni mama akaingia na nguo zilizopigwa pasi mkononi. Akapita nyuma yangu. Akatandika kitambaa juu ya keisi, kile chake cha kudarizi chenye maua ya waridi, kizito, kina bitana chini, akakivuta kona moja moja kikae sawa, kikashuka mbele mpaka kikafunika matundu yote ya feni, akakipapasa kutoa mikunjo, juu yake akaweka chombo cha maua ya plastiki na picha ya mahafali yangu.

Mimi macho kwenye namba pale kwenye kona ya skrini. 71. Dakika chache, 80. Halafu 88. 95. Fremu 140, 97, 62, 41.

Nikageuka taratibu sana.

"Nini baba? Nimekiweka upande mbaya?"

Ase kile kitambaa nilikiona kila siku. Nilikitoa mimi kwa mikono yangu kila nilipofungua keisi, na nilikirudisha mimi kwa mikono yangu, tena kwa kukinyoosha, kwa kuwa najua nikikiacha pembeni nitasemwa. Kwetu tivii imevaa, redio imevaa, friji imevaa, hata jagi la maji lina kofia yake.

Nikamweleza mama kwamba pale juu ndo inapopumulia. Akasikiliza mpaka mwisho. "Redio ya marehemu baba yako ilivaa kitambaa miaka ishirini haijawahi kulalamika. Na mimi niliona baridi hii, nikasema wacha niifunike." Halafu akauliza kama nataka kesho wanajumuiya wakute kitu kiko uchi ndani ya nyumba yake.

Tukabishana mpaka chai ikapoa. Kitambaa kikahamia kwenye stabilaiza, na chombo cha maua, na picha ya mahafali. Ina miezi sasa, na ndo kazi pekee ambayo ile laki moja na nusu imewahi kufanya.