Mama Mkwe Alinusa Mapema

Mama mkwe alipokuja kututembelea Reading kutoka Tanga, viza ya Uingereza ilimtoa jasho, na ya Schengen, ile ya kuingilia Ufaransa na jirani zake, ikamtoa machozi. Nikaona mtu aliyeteseka hivyo hatembezwi kwa basi. Nikakodi gari-nyumba, lile lenye vitanda, sinki, jiko la gesi na choo humo humo. Tungepanda treni ya magari Folkestone, dakika 35 chini ya bahari mpaka Calais, Ufaransa, halafu tuteremke nalo hadi Marseille. Mama alilizunguka mara mbili, akaligonga ubavuni kama anayenunua mtungi, akauliza, "Na kondakta yuko wapi?"

Kabla gari halijaharibika, tulishaharibikiwa na choo. Kilitengwa na meza ya chakula kwa kibao chembamba kama trei ya mayai. Sasa mkwe na mkwe wake, mila zetu mnazijua. Hata kupishana mlangoni mtu anatazama chini. Usiku wa kwanza kila mmoja alijibana akisubiri mwenzake alale, na hakuna aliyelala. Lyon tuliingia watu watatu, macho mekundu.

Ila barabarani Mama alipata cheo. Usukani wa gari la Kiingereza uko kulia, vibanda vya ushuru wa barabara vya Wafaransa viko kushoto, kwa hiyo anayechomoa tiketi ni wa kiti cha abiria. Mama alikuwa akiichomoa, anaikunja mara nne, anaifunga kwenye pindo la khanga. Tukifika pa kulipia, anafungua fundo taratibu, na nyuma yetu honi zinalia kama harusi.

Tulipopita Valence taa ya mafuta ikawaka. Nikaingia sheli. Pampu moja imeandikwa Gazole, mkono wake wa njano. Nyingine SP95, mkono wa kijani. Gari ni la dizeli, hilo nalijua. Hapo ndipo usomi uliponiponza. Nikajiambia: Wamarekani petroli wanaiita gasolini. Gazole, gasolini, hawa si ndugu? Basi gazole ni petroli, siitaki. Imebaki moja, ndiyo dizeli. SP nikaifasiri kuwa Spesheli.

Kumbe gazole ndiyo dizeli yenyewe. SP ni "sans plomb", bila madini ya risasi, yaani petroli tupu. Na kwenye kifuniko cha tangi kulikuwa na kibandiko cha mraba, B7, na kwenye pampu ya gazole mraba ule ule, B7. Umoja wa Ulaya ulileta alama hizo mwaka 2018 kwa ajili ya watu kama mimi. Sikuziona. Mkono wa petroli nao ni mwembamba, unaingia kwenye tangi la dizeli bila kugoma.

Niko lita ya ishirini, Mama akashusha kioo.

"Mkwe, mbona kunanuka petroli?"

Huyu ni mwanamke aliyepikia jiko la mchina miaka thelathini. Pua yake si ya kubishana nayo. Nikabishana nayo.

"Mama, dizeli ya Ulaya imesafishwa sana."

"Haya, mwanangu."

Hiyo "haya" ya mkato ukiisikia, ujue kesi haijafutwa, imeahirishwa. Nikajaza mpaka lita sitini.

Kilomita kama kumi mbele gari likakohoa. Likapiga chafya mbili, likatetemeka, taa zote za dashibodi zikawaka kama sikukuu, likakata moto. Nikalisukumia pembeni kwa mwendo ule uliobaki. Nikapiga simu kwa watu wa bima Uingereza, wakaniambia barabara kuu za Ufaransa hujiitii bredauni unayoitaka: tembea mpaka kwenye simu ya rangi ya chungwa, zipo kila kilomita mbili, watakuletea lililoidhinishwa. Na vaeni rifleka, mkasimame nyuma ya uzio wa chuma.

Tukasimama. Mistral, upepo wa bonde la Rhône, ulikuwa unavuma wa kung'oa kilemba. Mama kavaa rifleka ya njano juu ya khanga, utadhani mwenyekiti wa bodaboda. Ng'ambo ya mto kuna minara ya kinu cha nyuklia cha Cruas, na mmoja umechorwa mtoto mkubwa sana akimimina maji. Mama akautazama kitambo.

"Yule ni mtoto," akasema, "lakini anajua anachomimina."

Mke wangu akageukia upande wa pili. Mabega yalikuwa yanamcheza.

Bredauni likafika, akashuka kijana mweusi, mrefu. Alipoiona khanga akasimama, akainama kidogo mbele ya Mama: "Kwezi."

Mama akashtuka. "Mbona..."

Alitaka kusema mbona simwelewi, lakini hakumaliza. Kijana uso ulimchanua. Kumbe Mngazija, mtu wa Komoro, na kwao mdogo akisema "kwezi", mkubwa hujibu "mbona". Mama amejibu barabara! Basi wakaanza, huyu na Kitanga chake, yule na Kingazija chake, wanakutana njiani. Kijana akafungua tangi, akanusa, akamtazama Mama. Mama akanionyesha mimi kwa kidevu.

Ilikuwa Ijumaa jioni. Tukalala uani mwa gereji, Montélimar, juu ya matairi yetu. Mama akapika pilau. Harufu ikamrudisha kijana aliyekuwa ameshaaga. Akapokea sahani kwa mikono miwili, akasema, "Marahaba."

Mwiko ukabaki hewani.

"Nimemwamkia saa ngapi?" Mama akaniuliza kwa sauti ya chini. Bibi wa miaka sabini, kaitikiwa shikamoo ambayo hakuitoa, na mtoto wa watu, ndani ya nyumba yake ya magurudumu! Ilibidi mke wangu, na Kifaransa chake cha kuokoteza, aulize mpaka tukajua: kwao marahaba ni ahsante.

Asubuhi fundi akaikamua petroli yote, akabadilisha filta, akatoa hewa kwenye mabomba. Akanieleza kwa vidole kwamba dizeli ndiyo inayolainisha pampu, petroli inasuuza ule ute na vyuma vinasagana. Ningelazimisha kuwasha mara nyingi, ningenunua pampu mpya. Bima wakasema huo si ubovu wa gari. Bili sitaji, mke wangu anasoma haya.

Sheli iliyofuata sikugusa kitu. Mama alishuka mwenyewe, rifleka mwilini. Akausogelea mkono wa kijani, akanusa, akakunja uso. Akaenda wa njano, akanusa mara mbili, akajikohoza.

"Hii. Jaza."

Nikajaza. Foleni nyuma yetu ilikuwa imeshafika njia panda, maana risiti nayo ilibidi ikunjwe mara nne, ifungwe pindoni.