Paa la Kanisa la Lincolnshire ni la Nani?

Kabla Edward Steere hajawa Askofu wa Zanzibar, kabla hajakaa kitako kuandika sarufi ya Kiswahili na kusimamia ujenzi wa Kanisa la Mkunazini palipokuwa soko la watumwa, alikuwa kasisi wa kijiji kiitwacho Little Steeping, kaunti ya Lincolnshire, mashariki mwa Uingereza. William Tozer, aliyemtangulia kwenye kiti cha uaskofu na kuandamana naye hadi Afrika, alikuwa kasisi jirani tu, Burgh le Marsh. Waanglikana wa pwani yetu tunalijua jina la Steere tangu utotoni, ila huko alikotumikia kwanza hatukujui. Ni nchi tambarare ya mashamba, mifereji na upepo wa bahari, na katikati ya hayo yote, makanisa. Dayosisi ya Lincoln peke yake ina zaidi ya 600, na sehemu kubwa yalianza kujengwa zaidi ya miaka 500 iliyopita.

Nasema mapema ninachoamini ili tusizungushane: sheria ya Uingereza inayalinda makanisa haya vizuri sana kwenye karatasi, kisha inawaachia wazee wachache wa kijiji bili ya kuyalinda. Hilo si haki, na likiendelea hivi, mengi yatafungwa.

Kwanza tuyaangalie majengo yenyewe. Katika vilima vya Wolds, karibu na alikokuwa kasisi Steere, makanisa mengi yamejengwa kwa jiwe la mchanga lenye rangi ya kijani lililochimbwa palepale. Ni jiwe zuri kwa macho na bovu kwa ujenzi. Pitisha mkono ukutani, chembe zinabaki kiganjani. Ndiyo maana kuta hizo zimejaa viraka: hapa tofali jekundu, pale jiwe la chokaa lililoletwa kutoka mbali, juu ya dirisha kipande kipya ambacho bado hakijapigwa na mvua za kutosha. Wapo wanaoona viraka hivyo kama aibu. Mimi naviona kuwa ndiyo kumbukumbu halisi ya kanisa, kwa sababu kila kiraka ni watu waliochangishana fedha kwa wakati wao ili ukuta usianguke. Steere alipofika Zanzibar naye alijenga kwa kilichopo: paa la Mkunazini ni tao refu la zege lililochanganywa matumbawe. Fundi anatumia alichopewa na ardhi, awe Spilsby, mji ulio karibu na Little Steeping, au Unguja.

Kisha nenda Boston, mji wa kaunti hiyohiyo. Huko hakuna unyenyekevu wa kijiji. Mnara wa Kanisa la Mtakatifu Botolph una urefu wa mita 83 hivi, umesimama ukingoni mwa mto Witham, na juu kabisa una taji la pembe nane linaloonekana kutoka maili nyingi. Ujenzi wa kanisa ulianza mwaka 1309, na mnara ulikamilika mwanzoni mwa karne ya 16. Fedha zilitoka kwa kondoo. Sufu ya Lincolnshire ilipakiwa Boston kwenda Flanders, katika Ubelgiji ya leo, na mwanzoni mwa karne ya 13 kodi iliyokusanywa katika bandari hiyo ilikaribia ile ya London. Baadaye mto ukajaa tope, biashara ikahama, wenye fedha wakaondoka. Mnara ukabaki kwa watu ambao hawana tena bandari ya kuutunza. Kaunti nzima iko hivyo: majengo ya enzi ya utajiri mikononi mwa vizazi visivyo na utajiri huo.

Louth nako kuna mnara wa ncha uliokamilika mwaka 1515, zaidi ya mita 87. Miaka 21 baadaye, Oktoba 1536, watu wa mji huo walianzisha uasi dhidi ya Mfalme Henry VIII, wakihofia kwamba maofisa wake wangekuja kuchukua vyombo vya thamani vya kanisa lao. Kasisi wao, Thomas Kendall, alinyongwa. Watu walikufa kwa ajili ya mali ya kanisa waliyoinunua kwa michango yao wenyewe. Msomaji akiniuliza kwa nini nalichukulia suala la paa kwa uzito huu, nitamwonyesha Louth.

Lakini ningeambiwa nichague kanisa moja tu katika Lincolnshire, ningechagua Heckington. Ni la karne ya 14, wakati mafundi wa mawe wa Uingereza walipofikia kilele cha kuchonga majani, matunda na madirisha yenye mistari inayopinda kama maji. Kasisi wake wa wakati huo, Richard de Potesgrave, alikuwa kasisi wa Mfalme Edward II, na mchoro wa kazi ile unaonyesha mtu aliyejua fundi bora anapatikana wapi. Ukutani, upande wa kaskazini wa altare, kuna Kaburi la Pasaka la mawe, yaani shubaka linalowakilisha kaburi la Yesu. Chini wamechongwa askari waliotumwa kulinda kaburi la Yesu, nao wamelala. Hawakulala kwa adabu. Wameegemea ovyo, shingo zimekunjika ndani ya vazi la vita, miili imelegea kabisa kama ya walinzi wanaojua bosi hayupo. Aliyewachonga alikuwa amewatazama watu waliochoka kwa karibu sana. Na wako pale, hatua chache kutoka kwa muumini, ndani ya kanisa la kijiji ambalo bado lina ibada. Hakuna kioo cha makumbusho kati yako na wao.

Sasa tuje kwenye sheria. Majengo ya kihistoria Uingereza huorodheshwa kwa madaraja, na karibu nusu ya yale ya daraja la juu kabisa ni makanisa. Likishaorodheshwa, huwezi kubadilisha dirisha, kuhamisha viti wala kupitisha bomba bila kibali, na kwa makanisa ya Kianglikana kibali hicho hutolewa na dayosisi kwa utaratibu wake wa kisheria. Hilo naliunga mkono. Bila hivyo, askari wa Heckington wangekuwa wameshauzwa.

Tatizo ni kwamba watu wengi, hata Waingereza wenyewe, wanadhani Kanisa la Uingereza linalipiwa na serikali au na mfalme. Sivyo. Gharama za paa zinabebwa na waumini wa mtaa, ambao vijijini wanaweza kuwa watu kumi Jumapili, wengi wao wastaafu. Wanauza keki na chai, wanaomba ruzuku, wanajaza fomu. Kisha anakuja mwizi usiku. Mapaa mengi yameezekwa kwa madini ya risasi, ambayo bei yake ni nzuri kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Mwaka 2021 mahakama mjini Lincoln iliwafunga wanaume wanne waliokuwa wakiyavua makanisa mapaa yao katika kaunti mbalimbali. Mvua moja baada ya wizi inatosha kuharibu dari iliyodumu miaka 500.

Na kodi je? Ukijenga nyumba mpya Uingereza, kodi ya ongezeko la thamani ni sifuri. Ukikarabati kanisa la karne ya 14, unatozwa asilimia 20. Tangu 2001 kulikuwa na mpango wa serikali wa kurudisha fedha hizo, na ulikuwa mkombozi wa vijiji. Mwaka 2025 wakaweka ukomo: pauni 25,000 kwa jengo kwa mwaka. Kwa kiraka cha ukuta zilitosha. Kwa mnara kama wa Boston au Louth, kilikuwa kiasi kidogo mno. Taifa linaloliita jengo hazina yake, likamkataza mwenyewe kuligusa bila ruhusa, kisha likamtoza kodi akilikarabati, linajipinga lenyewe. Kodi hiyo ifutwe. Hakuna haja ya tume wala kongamano.

Kwa upande mwingine, nawalaumu pia baadhi ya wapenzi wa majengo haya. Wapo wanaopinga kila kitu: choo, jiko dogo nyuma ya kanisa, bati la chuma cha pua badala ya risasi iliyoibwa. Mabenchi mengi wanayoyatetea yaliingizwa au kupangwa upya karne ya 19. Katika Zama za Kati sehemu kubwa ya kanisa ilikuwa wazi, na shughuli za kijiji zilifanyika humo. Kanisa lenye choo linaweza kupokea darasa la watoto, kliniki ya wazee, hata soko la Jumamosi. Lisilo na choo linapokea popo.

Yaliyokwisha kufungwa, mengine huchukuliwa na Churches Conservation Trust, shirika linalotunza zaidi ya makanisa 350 Uingereza. Watakatifu Wote la Saltfleetby, ambalo mnara wake umeinama kwa sababu ya udongo laini wa pwani, ni mojawapo. Kazi yao naiheshimu sana, ila hawawezi kuchukua yote, wala isiwe ndoto yetu kwamba wachukue yote.

Ndugu mlioko Uingereza, treni ya kutoka Nottingham kwenda Skegness inasimama Heckington na Boston pia. Mkienda, ingieni mkae, kisha tafuteni kisanduku cha mchango. Kwa sasa, hapo ndipo zinapotoka fedha za paa.