Laptopu Hii Itanizeesha

Jamani, kuna watu wanasema kupiga Windows ni kazi ya nusu saa. Hao wana laptopu. Mimi nina kitu kinachofanana na laptopu: betri haikai na chaji, kifuniko kinashikiliwa na gundi, na feni ikianza kazi watu wanakatisha mazungumzo.

Ilikuwa na Windows 10, tunaelewana. Oktoba 14, 2025 muda wake wa kuhudumiwa ukafika mwisho, nami nikajitia ujuaji, nikasema tunahamia 11. Ikakataa katakata: mashine haina TPM 2.0, yaani chipu ya usalama. TPM yenyewe sijawahi kuiona kwa macho, lakini siku hiyo niliumia kama mtu aliyeambiwa hana ukoo. Basi, nikaamua kuweka Linux nyepesi, mfumo mwingine badala ya Windows.

Nikapakua faili la ISO, lile lenye mfumo mzima ndani, nikalinakili kwenye flashi kama ninavyonakili nyimbo. Nikawasha. Kimya. Kumbe ISO haimwagwi tu humo. Kuna programu maalumu ya kuiandika. Nikaiandika. Sasa kuingia BIOS, yaani mipangilio ya mashine kabla mfumo haujawaka: huyu anasema F2, yule F12, mwingine Esc, mwingine Delete, na nafasi yenyewe ni sekunde chache, ukichelewa unaanza upya. Nilivibonyeza vyote kwa mpigo kama mpiga kinanda wa harusini. BIOS ikafunguka, hadi leo sijui ni kitufe kipi kilichonionea huruma. Flashi nikaiweka ya kwanza kwenye orodha ya kuwashia.

Kazi ikaanza. Asilimia 67, ikaganda. Nikarudia: 41. Nikabadilisha flashi, nikahamia tundu jingine la USB, nikaijia kwa upole, nikaijia kwa matusi: 88, ikaganda. Hapo akili ikanirudia. Ikiganda palepale kila mara, shuku ISO au diski. Ikiganda popote inapojisikia, shuku RAM, kumbukumbu ya muda ya mashine. Nikaendesha kipimo cha RAM, skrini ikajaa mistari myekundu kama daftari langu la hesabu la zamani.

Nikaifungua. Nikachomoa RAM, nikasugua meno yake ya dhahabu kwa raba ya penseli, nikairudisha mpaka ikalia "ka!" Nikapima tena: safi. Skrubu mbili zilibaki mkononi. Nimezitunza, huenda zilikuwa za akiba.

Safari hii ikafika 100. Skrini ikatoa maandishi madogo, kitu fulani halafu "bonyeza Enter". Nikabonyeza. Ikazima, ikawaka, ikasema: karibu, chagua lugha.

Nikasema imefeli. Nikaanza upya. Katikati ikaniuliza: kompyuta hii tayari ina Linux, nifanyeje? Nikajua ni mabaki ya jaribio lililoshindwa. Nikaiamuru ifute kila kitu. Ikafuta. Ikafika 100. Enter. Karibu, chagua lugha.

Nilifanya hivyo mara tatu. Mara tatu nimeizaa Linux nzima, yenye afya, halafu nikaizika kwa mikono yangu.

Akaingia mtoto wa dada yangu.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba."

Akachungulia skrini. "Mjomba, si wamekuandikia hapa uchomoe flashi, kisha ndiyo ubonyeze Enter?"

Nikavaa miwani. Kweli. Mimi kwa saa tano nilikuwa nasoma nusu ya pili. Flashi bado imo tunduni, na BIOS nilishaiambia mwenyewe ianzie huko, sasa ingeanzia wapi?

Nikamwambia nilikuwa nampima akili. Akachomoa flashi, akabonyeza, Linux ikafunguka kwa adabu zote, utafikiri haikuwahi kufa.

"Mjomba, mbona inasema ni Januari 1, 2009?"

Hiyo ni betri ndogo ya ubao, ile ya CR2032, imekufa. Inatunza saa mashine ikiwa imezimwa. Nikamwambia aiache hivyohivyo. Mwaka huo nywele zangu zilikuwa zote kichwani.