Miaka tisa ya usukani Dar haikunifundisha kugeuza shingo

Juzi usiku nimetoka shifti, miguu inauma, nafungua grupu letu la WhatsApp la Watanzania wa Hamburg nakuta kijana mgeni, ana miezi mitano tu hapa, anauliza aanzie wapi habari ya leseni ya udereva maana ile ya nyumbani muda wake unakaribia kuisha. Swali zuri kabisa. Majibu ndiyo yaliyoninyima usingizi. Kaka mmoja mkubwa tu, mtu tunayemheshimu, katuma sauti ya dakika mbili: "Mdogo wangu, we umeendesha Kariakoo, umeendesha Mbagala saa kumi na moja jioni, huku utashindwa nini? Udereva ni uleule. Endesha tu, usipokosea hakuna wa kukusimamisha." Watu kumi na moja wakaweka dole gumba.

Nimeona niandike huku kwa urefu kwa sababu pale grupuni ningeandika kwa hasira na kaka yangu nisingependa kumvunjia heshima mbele za watu. Lakini kaka, umekosea, na umekosea kwenye kitu kinachoua.

Habari ya sheria naipita haraka. Leseni ya Tanzania hapa Ujerumani inakubalika miezi sita tangu uhamie. Baada ya hapo unahesabika unaendesha bila leseni, na hilo ni kosa la jinai, linaweza kukupa faini au hata kifungo mpaka mwaka mmoja, na wengi wetu tunajua karatasi zetu za ukaazi zilivyo nyepesi. Hayo mtu anaweza kuyasoma mwenyewe. Kinachoniuma mimi ni hilo neno "uleule".

Mimi nimeendesha Dar miaka tisa, Tabata mpaka Posta karibu kila siku, mvua na jua. Nilikuja huku kwa kazi ya kuwahudumia wazee, na kazi yangu ni ya kuwafuata majumbani kwao, bila gari hufanyi. Kwa hiyo nikaenda shule ya udereva nikijua naenda kukamilisha makaratasi tu. Sisi wenye leseni za nje hatulazimishwi yale masaa ya lazima wanayosomeshwa vijana wa hapa, unatakiwa upime macho, usome kozi ya huduma ya kwanza, ufaulu nadharia na vitendo, basi. Nikajipangia masomo mawili, nikapiga hesabu, nikaona yanatosha.

Somo la tatu (ndiyo, la tatu lilikuwepo, mwalimu aligoma kunisajili mtihani) tulikuwa Altona, mtaa wa hapa Hamburg. Taa ya kijani, nakata kulia, indiketa nimewasha mapema, nimeangalia kioo cha pembeni, peupe. Nikaanza kukata. Gari likasimama ghafla, mkanda ukanibana kifua, mwalimu amekanyaga breki ya upande wake. Mbele ya boneti akapita mama kwenye baiskeli, mtoto nyuma kwenye kiti, kakofia kekundu. Hakugeuka hata kututazama. Alikuwa anakwenda moja kwa moja kwenye njia yake ya baiskeli, na taa yake ilikuwa ya kijani kama yangu. Haki ilikuwa yake yote, mimi ninayekata ndiye natakiwa nimsubiri.

Mwalimu hakunifokea. Aliniambia niegeshe, akaniuliza, "Ulimuona saa ngapi?" Nikamwambia sikumuona. Akashuka, akaniambia nibaki kwenye usukani niangalie kioo cha kulia, halafu akaanza kutembea taratibu kutoka nyuma ya gari kuja mbele. Namuona, namuona, afu akapotea. Mtu mzima, mrefu, koti la njano! Nilipogeuza shingo nikamkuta amesimama pale nyuma ya mlango wa abiria, yani kama dirisha lingekuwa wazi tungesalimiana kwa mkono. Kwenye kioo hayupo kabisa. Pale ndipo nikaelewa kwamba kwa miaka tisa yote nilikuwa nakata kona bila kujua kuna nini pembeni yangu.

Wenyewe wanaita Schulterblick, kutupa jicho begani. Unatazama kioo cha ndani, cha pembeni, halafu unageuza shingo kabisa unatazama kwa macho yako, kila unapokata, kila unapohama leni, kila unapotoka ulipoegesha. Kwenye mtihani wa vitendo mkaguzi anakaa siti ya nyuma na anaiangalia shingo yako, ukiisahau sahau umefeli.

Sasa mtu ataniuliza, mbona Dar tulikuwa tunaishi bila hiyo? Nimeliwaza sana hili nikiwa kwenye foleni. Dar tunaishi kwa sababu mzigo tumemtwika mdogo. Bodaboda ndiye anayepiga honi kukujulisha yupo, mwenye baiskeli ya mkaa ndiye anayeshuka pembeni akisikia gari, mtembea kwa miguu ndiye anayekimbia akiwa katikati ya zebra. Wao ndio wanatutazama sisi, na sisi tukifika salama tunasema ni madereva wazuri. Na wakati mwingine hawawahi kututazama, wote tuna jirani au ndugu tuliyemzika hivyo. Huku sheria imegeuza, mwenye chuma ndiye mwenye kutazama. Ukimpita mwenye baiskeli mjini unamwachia mita moja na nusu, nje ya mji mita mbili, hiyo imeandikwa kwenye sheria tangu 2020. Lori la zaidi ya tani tatu na nusu likikata kulia mjini linatakiwa liende mwendo wa mtu anayetembea. Kwa hiyo mwenye baiskeli wa huku hapigi honi, hashuki, hageuki, anakuamini. Ukija na macho ya Kariakoo unamuua mtu aliyekuamini. Ukipita mitaani ukaona baiskeli imepakwa nyeupe yote, matairi mpaka kengele, imefungwa kwenye nguzo, ujue mwenye baiskeli alifia pale.

Kuna bibi ninayemhudumia Barmbek, nyonga yake haikuwahi kupona sawasawa. Dereva alifungua mlango bila kutazama nyuma, yeye anapita na baiskeli. Kufungua mlango tu, gari limezimwa. Tangu anisimulie nafungua mlango wangu kwa mkono wa kulia, ule wa mbali na mlango (huku dereva anakaa kushoto), maana ukiuvusha mkono huo mwili wenyewe unageuka na macho yanakwenda nyuma.

Mengine yapo. Kulia kwanza, kwamba kwenye vichochoro vya Eimsbüttel visivyo na kibao chochote anayetokea kulia kwako ndiye anapita, hata akiwa na baiskeli, na sisi tuliozoea kuendesha kushoto macho yanakimbilia upande usio wake. Kipilefti unaingilia kulia. Indiketa iko mkono wa kushoto, wiki za kwanza utakuwa unawasha waipa. Hayo mwili unazoea.

Nakubali, ni ghali. Somo la dakika 45 nililipa zaidi ya euro 60 na nilisoma masomo kumi na manne, kuna miezi sikutuma kitu nyumbani na mama alinielewa. Nadharia nayo unaifanya kwa Kijerumani au lugha nyingine kumi na mbili, Kiarabu kiliongezwa 2016, Kiswahili hakimo, mimi nilifanya kwa Kiingereza na kamusi ya Kijerumani kitandani. Na nakubali pia Dar imenipa kitu, mguu wangu uko tayari kwenye breki muda wote kwa sababu nimezoea chochote kinaweza kutokea popote. Lakini mguu haukunisaidia Altona, maana mguu unangoja jicho lione kwanza.

Asiye na hela sasa hivi apande treni. Tiketi ya mwezi ya nchi nzima ipo tangu 2023, Hamburg basi zinafika karibu kila mtaa, hakuna aibu yoyote. Asubiri, ajichange, asome. Ila kumwambia mtoto wa watu aendeshe tu, hapana kaka, naomba ile sauti uifute.

Yule kijana nilimtafuta pembeni. Akaniambia, "Dada, mi nimeshaonyeshwa gari la kununua." Nikamwambia gari litakuwepo. Jumapili saa nne asubuhi tunakutana kona moja ya Eimsbüttel ambayo haina taa wala kibao, tunasimama na kahawa zetu tunaangalia nani anapita kwanza, mpaka aweze kuniambia kabla gari halijafika. Ameuliza aje na leseni. Nimemwambia aje na koti, kuna upepo.