Mlo nilioulipia, siwezi kuula

Kuna jambo linanikera tangu turudi kutoka kwenye ile hoteli ya bustani ya michezo: mpango wa chakula wa kulipia kabla. Ukiambiwa kila kitu kimeshalipwa, unashusha pumzi. Kumbe umenunua hesabu za kukuumiza kichwa.

Huwezi kumlipia mtu mmoja tu. Waliomo chumbani wote lazima waingie, tena kwa kila usiku mtakaolala, hata mtoto anayeshiba kwa vipande viwili vya viazi. Kisha mnapewa pointi: hizi za mgahawa wa kujihudumia, zile za kukaa mezani mkahudumiwa, nyingine za vitafunio. Mgahawa mzuri kidogo unakata pointi mbili kwa mlo mmoja. Na meza? Ilitakiwa uiwekeshe wiki kadhaa kabla. Sisi tulifika na njaa yetu na pointi zetu, tukaambiwa kumejaa. Bahashishi ya mhudumu nayo haimo, unatoa mfukoni.

Kinachoniuma zaidi ni siku ya kuondoka. Pointi zilizobaki zinakufa usiku huohuo, hurudishiwi hata senti. Ndiyo maana utawaona wazazi wamebeba mifuko ya biskuti na peremende wasizozihitaji, wanamaliza pointi. Nami nilisimama kwenye foleni hiyo, mtoto mgongoni analilia usingizi. Hiyo ni pesa yangu! Chakula sikukila, kwa nini nisirudishiwe?